Karatasi ya Zoezi la Nne

Mkutubi wa shule yetu wanafunzi walimwita Mama Chanzo, na sisi walimu tukaishia kumwita hivyo hivyo. Jina lilitokana na swali lake. Ukimwendea na habari yoyote, iwe ya mtihani kuvuja, iwe ya fulani kumwacha mkewe, anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya mtandio, halafu anakuuliza kwa sauti yake ndogo, "Chanzo chake nini?" Ukimjibu kwamba watu wanasema, anairudisha miwani puani na kuendelea na kazi yake. Mazungumzo yamekwisha hapo.

Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mmoja, mama wa binti mmoja. Maktaba yake ilikuwa madarasa mawili yaliyobomolewa ukuta wa katikati, yenye rafu za chuma, meza nne ndefu, na kompyuta mbili ambazo moja ilikuwa inaishi kwa vipuri vya mwenzake. Mimi nafundisha historia katika shule hiyo hiyo. Nilikuwa namwendea kuazima ramani, na siku moja nikatoka na ramani pamoja na fomu ya kujiunga na chama.

Chama chetu kilikuwa cha walimu na wakutubi wa elimu ya habari. Tulikuwa wanachama arobaini na watatu, wakiwemo wanahabari wawili wastaafu. Tulikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi katika chumba cha chuo cha ualimu, kwenye vile viti vya wanafunzi vyenye kibao cha kuandikia ubavuni, ambavyo mtu mnene akikaa anahitaji msaada kutoka. Tulichokuwa tunataka ni kidogo tu: mtoto afundishwe shuleni namna ya kusoma habari kabla ya kuiamini. Nani kaiandika, lini, kwa nini, na picha imetoka wapi. Kwa miaka sita tuliiandikia wizara, na kwa miaka sita tukajibiwa kwamba barua yetu imepokelewa. Mwaka wa saba wizara ikatuita tukaonyeshe masomo yenyewe. Mwenyekiti wetu, mhadhiri mstaafu tuliyemwita Profesa ingawa uprofesa hakuwahi kuupata, aliisoma ile barua mara mbili mbele yetu, mara ya pili akiwa amesimama.

Mama Chanzo akapewa kazi ya kutunga mazoezi. Akatunga kumi na mawili. La nne ndilo lilikuwa zuri kuliko yote, na nalisema hilo nikijua lilichofanya.

Lilikuwa tangazo la uongo lililotengenezwa lifanane na la kweli. Lilisema Idara ya Afya imegundua sumu ya panya katika mikate ya bekari moja karibu na stendi ya mabasi, kwamba watu watatu wamekwisha kufariki, na kwamba kila mwananchi awajulishe wapendwa wake haraka. Ndani yake alificha makosa saba. Tarehe ilikuwa thelathini na moja Juni. Kwenye mhuri neno "Afya" liliandikwa "Afia". Namba ya simu ilipungukiwa na tarakimu mbili. Daktari aliyetia saini alikuwa na cheo lakini hakuwa na jina. Mwanafunzi alitakiwa ayatafute yote saba. Na chini kabisa, kwa herufi nene, aliandika: HILI NI ZOEZI LA DARASANI. HAKUNA LA KWELI HAPA.

Tangazo lilihitaji picha, na picha alikuwa nayo kwenye simu. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa mwokaji mikate, na bekari yake ilikuwa mitaa mitatu kutoka stendi. Mama Chanzo akakiondoa pichani kibao chenye jina la bekari. Ukabaki mlango wa bati uliopakwa rangi ya machungwa, na trei zilizoegemezwa ukutani zikauke. Hakumwomba ruhusa.

"Nilijua angekubali," aliniambia baadaye. "Ndiyo maana sikuuliza."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Kidato cha pili walikuwa maktaba wakinong'ona, mimi nilikuwa mezani pake nikisaini daftari la kuazima. Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Alikuwa binti yake, fundi cherehani mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa anaongea kwa nguvu hivi kwamba nilisikia kila neno.

"Mama, watu wamemvamia baba mdogo. Wanasema mikate yake ina sumu. Wamevunja vioo, wamempiga kichwani."

"Nani kasema ina sumu?"

"Iko kwenye simu, Mama. Kila mtu anayo. Ngoja nikutumie."

Picha ikaingia. Mama Chanzo aliitazama kwa muda mrefu, akanipa simu, kisha akakaa kwenye kile kigoda anachopandia kufikia rafu za juu. Nikaona mlango wa machungwa. Nikaona thelathini na moja Juni. Lilikuwa zoezi la nne, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Nikateremsha macho hadi chini, nikakuta picha imeishia kwenye saini ya daktari.

"Mstari wa chini uko wapi?" akauliza. Nikamwambia haupo. Akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama mtu anayeulizia kitabu kisichorudishwa. Akauliza mara ya tatu. Wanafunzi wakaacha kunong'ona.

Nilimwomba mwalimu wa zamu awaangalie watoto, tukatoka kwa miguu kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwa kuna usafiri.

Sijawahi kuona mikate mingi hivyo chini. Ilitapakaa barabarani, mingine ikiwa bado na moto wa tanuri, watu wakiipiga chenga kama mavi. Mlango wa machungwa ulikuwa umebonyea katikati. Vioo vya kabati vilikuwa vimemwagika mpaka kwenye mtaro. Lakini wale watu waliobaki hawakuwa wanatazama bekari. Walikuwa wamezunguka duara, kimya, na nilipochungulia katikati nikamkuta mbwa. Mbwa wa mtaani, mwekundu, mbavu nje, anakula mkate. Walikuwa wanasubiri afe.

Alimaliza mkate wa kwanza, akavuta wa pili. Alipomaliza akajilamba, akajilaza pale pale kivulini, akafumba macho kama mbwa yeyote aliyeshiba.

"Mmeona?" akasema mwanamume mmoja mwenye kofia. "Ameanza kulegea."

Mama Chanzo alimtazama yule mwanamume usoni. Mwanamke aliyepitisha maisha yake akiuliza watu maswali, siku ile hakuwa nalo hata moja.

Mke wa shemeji alikuwa amesimama kwenye mlango uliobonyea, ameshika ufagio asioutumia. Mumewe alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali. Alipomwona Mama Chanzo aliuachia ufagio ukaanguka.

"Dada," akamwambia, "nani ametuchukia hivi?"

Mama Chanzo akamkumbatia. Niliuona uso wake juu ya bega la yule mwanamke, ulikuwa umekauka kama karatasi.

Shemeji alishonwa nyuzi tisa kichwani, na vidole viwili vya mkono wa kulia vikafungwa pamoja kwenye kibao. Jioni ile, kitandani, alimwuliza Mama Chanzo swali moja tu: kwa nini yeye. Akamjibu, "Nitamtafuta aliyeituma, Shemeji. Nakuahidi." Ahadi aliitoa kwa dhati. Wakati huo aliamini kwamba kuna mtu mbaya mahali fulani, mtu mwenye mkasi.

Akaanza kutafuta kama alivyokuwa akiwafundisha watoto: kurudi nyuma, hatua kwa hatua. Binti yake alitumiwa na mteja wa magauni. Mteja alitumiwa na kinyozi. Kinyozi aliitoa kwenye grupu la wazazi wa shule ya chekechea. Mzazi aliyeiweka pale alikuwa mama mmoja muuza vyombo, ambaye alimpokea Mama Chanzo vizuri, akamkaribisha kiti, akamwambia kwa fahari, "Mimi ndiye niliyewaokoa watu wa mtaa huu." Na yeye aliipata kwa nani? Kwa jirani yake. Jirani yake alikuwa mke wa mwalimu wa jiografia, na mwalimu huyo wa jiografia alikuwa mwanachama wetu. Hukaa kiti cha mbele kila mkutano.

Mwalimu wa jiografia alipofunguliwa picha ile aliegemea ukuta.

"Nilimtumia mke wangu," akasema. "Nilitaka aone kazi nzuri uliyofanya. Nilimwandikia maneno mawili tu. 'Tazama hii.'"

"Na mstari wa chini uliukata kwa nini?"

"Sikukata kitu, Mama. Nilituma kama ulivyoiweka kwenye grupu la chama."

Hayo ninayajua kwa sababu nilikuwepo. Tulikuwa tumesimama kwenye korido ya shule yao, kengele ya mapumziko imelia, watoto wanatupita pande zote. Mama Chanzo akaitoa simu yake, akafungua grupu la chama, akapandisha juu, juu, siku kumi na saba nyuma. Pale palikuwa na picha mbili. Karatasi ilikuwa ndefu haikuenea kwenye picha moja, kwa hiyo aliipiga mara mbili. Ya kwanza ilikuwa tangazo mpaka kwenye saini. Ya pili ilikuwa ule mstari mnene, na chini yake majibu ya makosa saba.

Aliitazama simu. Kisha akaipindua akaitazama mgongoni, kana kwamba huenda kuna mtu nyuma yake.

"Ni mimi," akasema.

Mwalimu wa jiografia akaanza kumwambia hapana, si hivyo, hii ni bahati mbaya, na kadhalika. Hakumsikia. Aliendelea kusema "ni mimi" mpaka tukafika getini. Nilimshika mkono kumvusha barabara kwa sababu alikuwa hatazami magari.

Kesho yake akaenda hospitali kumwambia shemeji. Nilimshauri asubiri mgonjwa apate nafuu. Akanijibu kwamba mgonjwa anastahili kujua kabla ya kinyozi. Binti yake alikwenda naye, na ndiye aliyenisimulia, maana mama mwenyewe hawezi kulielezea mpaka leo bila kukatikia katikati.

Alisema yote, akiwa amesimama. Zoezi, picha, mlango, grupu. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, macho kwenye vidole vyake vilivyofungwa.

"Hiyo picha uliipiga lini?" akauliza.

"Siku ile niliyokuja kuchukua mikate ya mahafali ya shule."

"Mimi nilikuwa wapi? Mbona simo?"

"Ulikuwa ndani."

Akafikiri. "Nilikuwa nakufungia mikate," akasema. Akageukia ukutani. Mama Chanzo alisimama pale nusu saa, na mgongo wa shemeji haukugeuka.

Jumamosi tukaitwa mkutano wa dharura. Zilikuwa zimebaki siku tisa twende wizarani. Tulihudhuria thelathini na watano. Mama Chanzo akasimama mbele akaeleza kama alivyomweleza shemeji yake, bila kumtaja mwalimu wa jiografia, ambaye alikuwa amekaa kiti cha nyuma kwa mara ya kwanza. Akapendekeza chama kitoe taarifa siku ile ile: karatasi ni yetu, tumeitunga sisi, mwokaji hana kosa.

Profesa alivua koti akalitundika kwenye kiti. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amwone hivyo.

"Mkutubi," akasema, "sote tunalia na wewe. Lakini fikiria. Tunakwenda kuiambia serikali itukabidhi watoto tuwafundishe kutambua uongo. Halafu wiki hiyo hiyo tutangaze kwamba uongo uliomvunja mtu vidole umetoka kwetu? Tutakuwa tumejichimbia kaburi na koleo tumeleta wenyewe. Tusubiri siku tisa. Tukishapata tulichokipigania, tutasema yote."

"Na yeye siku hizo tisa akae vipi?" akauliza Mama Chanzo. "Jana wamemchorea fuvu ukutani."

"Siku tisa tu."

"Profesa, mazoezi yangu kumi na mawili yote yanafundisha kitu kimoja. Kwamba ukikosea, unasahihisha haraka kuliko ulivyosambaza. Ni somo la kumi na mbili. Ulilisifu wewe mwenyewe."

Watu wakajadiliana kwa saa mbili. Mwishoni Profesa akaomba mikono. Wanaotaka kusema leo, kumi na wanne. Wanaotaka kusubiri, kumi na tisa. Mwenyekiti hakupiga kura, na Mama Chanzo alikataa kupiga kwa kuwa jambo lilikuwa lake.

Mimi nilikuwa mmoja wa wale kumi na tisa. Naandika hapa ili lijulikane. Niliona vioo, nilimwona mbwa, nilimshika mkono kumvusha barabara, na bado mkono wangu ulipanda. Niliwaza miaka sita ya barua. Aliniona. Hakunitazama kwa hasira, alishtuka tu, kama mtu aliyepapasa swichi gizani mahali ambapo imekuwa ikikaa siku zote, akakuta ukuta mtupu.

Akakusanya faili lake. "Basi nitasema kama mimi," akasema, "si kama chama."

Jumatatu asubuhi alikuwa redioni, kile kituo kinachosikilizwa kwa kila kinyozi na katika kila jiko. Tulimsikiliza tukiwa chumba cha walimu. Alitaja jina lake kamili, shule anayofanya kazi, na kazi anayofanya. Akasema karatasi ya mikate aliitunga yeye, mezani kwake, kwa ajili ya darasa. Akayataja makosa yote saba moja baada ya jingine. Akasema hakuna sumu, hakuna daktari, hakuna waliofariki. Akamwomba radhi shemeji yake na mkewe. Hakujitetea popote. Nikawaza, sasa yamekwisha, mwenye uongo kaukana mwenyewe, nani atabisha?

Mtangazaji akafungua simu.

Wa kwanza alikuwa mwanamume. "Mama, sema kweli, nani amekulazimisha uje useme hivyo?"

Wa pili akasema, "Umesema mwenyewe ni shemeji yako. Damu nzito kuliko maji. Nani asingemtetea wa kwake?"

Wa tatu alikuwa mwanamke mtu mzima, mpole kabisa. "Mwanangu, mimi sikulaumu. Lakini wazee walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo, linakuja."

Wa nne alikuwa mwanamke tena. Sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli.

"Unasema hakuna waliofariki. Mimi mmoja wao namfahamu. Alikuwa jirani wa dada yangu. Ameacha watoto wanne."

Redioni pakawa kimya. Kimya kile kilichukua muda mpaka mwalimu wa hesabu akaenda kugonga redio akidhani imezima. Kisha tukaisikia sauti ya Mama Chanzo, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Dada," akasema, "niliwatunga hao watu watatu jikoni kwangu nikisubiri wali uive. Kwanza walikuwa wawili. Nikaongeza mmoja."

"Mungu akusamehe," akajibu yule mwanamke, "kwa kumkana marehemu." Akakata simu.

Alirudi shuleni saa sita. Nilimfuata maktaba kumwomba msamaha kwa ule mkono wangu, lakini hata nafasi sikuipata. Alikuwa amekaa kwenye kile kigoda.

"Ana watoto wanne," akaniambia. "Umesikia? Ana watoto wanne, na dada wa watu anamlilia. Nimemwua mtu ambaye hakuzaliwa, na sasa siwezi kumfufua."

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Polisi walimhoji kutwa nzima wakamwachia kwa onyo. Mwalimu mkuu akampa barua ya karipio, huku akimwambia pembeni kwamba na yeye siku ile aliacha kula mkate. Idara ya Afya, ile ya kweli, ikaja kupima unga wa shemeji, ikabandika cheti ukutani. Na watu ambao thelathini na moja Juni iliwapita bila kuiona, sasa wakasimama mbele ya cheti halali wakikodoa macho, wakasema mhuri wake hauko sawa. Binti yake alipomletea habari hiyo, Mama Chanzo alicheka mpaka akatokwa na machozi, halafu machozi yakabaki peke yake.

Bekari ilifungwa miezi mitatu. Waliorudi kwanza walikuwa makondakta wa stendi, kwa sababu mtu mwenye njaa saa kumi na moja alfajiri hana muda wa kusoma matangazo. Nyuma yao wakaja abiria. Polepole moshi ukarudi kwenye bomba.

Wizara iliahirisha kikao chetu mara mbili. Kilipofika, swali la kwanza kabisa lilikuwa kuhusu mikate. Nilikuwemo, niliona jinsi Profesa alivyovua miwani akaiweka mezani. Angeweza kusema lilikuwa kosa la mwanachama mmoja. Alisema, "Karatasi ilikuwa ya chama. Na kura ya kunyamaza niliisimamia mimi." Kisha akaomba Mama Chanzo aitwe aeleze, na akakaa. Tukaruhusiwa kujaribu masomo katika shule ishirini kwa mwaka mmoja. Zoezi la nne likafutwa, na badala yake Mama Chanzo akaandika jingine: hadithi nzima ya karatasi yenyewe, kuanzia jikoni mpaka mahali mbwa alipolala.

Muda huo wote shemeji yake hakusema naye. Alituma salamu kupitia kwa binti, alipokea zilizorudi, basi. Wakikutana msibani au harusini alisogea akakaa upande mwingine.

Mwezi wa nane tangu bekari ivamiwe, kwenye mkutano wa kawaida wa Jumamosi, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamume mwenye kovu refu lililoanzia kwenye paji la uso na kupotelea nyweleni. Tulimfahamu sote, ingawa wengi hatukuwahi kumwona. Alisimama karibu na mlango mpaka Profesa alipomwuliza haja yake.

"Nimekuja kuchukua fomu," akasema.

Profesa akatazama huku na huku. Katibu, msichana mwangalifu, akafungua katiba yetu akasoma kwa sauti: mwanachama awe mwalimu, mkutubi au mwanahabari, anayefanya kazi au mstaafu.

"Mimi si mmoja wao," akakubali yule mwokaji. "Lakini naona hapa mna watu wengi waliofundisha hilo somo, na hamna hata mmoja aliyelisoma kwa kichwa." Akainamisha kichwa, akaonyesha kovu.

Hakuna aliyejua kama acheke. Akaanza yeye, na sisi tukafuata, isipokuwa Mama Chanzo, aliyekuwa ameshika ukingo wa kibao cha kiti chake kwa mikono miwili. Katiba tukaibadilisha siku ile ile kwa mikono yote. Alipopewa fomu, vidole vyake viwili havikunyooka vizuri kushika kalamu. Akaenda akakaa kiti kilicho jirani na Mama Chanzo.

"Shemeji," akasema, "niandikie. Mwandiko wangu umeharibika."

Akamwandikia. Nilikuwa nyuma yao, niliona machozi yakidondoka kwenye sehemu ya anwani, na katibu akaleta fomu nyingine.

Wiki mbili baadaye mwokaji akaja shuleni kwetu, darasa la kidato cha pili, kufundisha pamoja na shemeji yake. Mama Chanzo alisimulia upande wake, yeye akasimulia wake. Watoto walimsikiliza kama wanavyomsikiliza mtu aliyetoka vitani. Mimi nilikaa nyuma. Alipomaliza, msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Baba, ile karatasi wewe uliiona lini?"

"Asubuhi ile ile. Kabla hawajafika. Mteja alinitumia."

"Ukaitambua kuwa ni uongo?"

Mama Chanzo, aliyekuwa anapanga karatasi zake, akainua kichwa. Lilikuwa swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwuliza, hata yeye.

"Niliuona mlango wangu," akasema mwokaji. "Mlango nilioupaka rangi mwenyewe. Unga nilikuwa nimeuchekecha mwenyewe, kwa mikono hii. Najua kilichomo na kisichomo. Lakini ilikuwa na mhuri, mwanangu. Imesema watu watatu wamekufa." Akatazama sakafu. "Nilikwenda nikafungua gunia, nikainama, nikanusa unga. Nikamwambia mke wangu, watoto wasile mkate leo. Nilikuwa bado nimeinama pale pale gunia mkononi wakati jiwe la kwanza lilipogonga mlango."

Mama Chanzo alikuwa amesimama ubaoni, chaki mkononi, mdomo wazi, akimtazama shemeji yake kana kwamba ndiyo kwanza anaisikia habari ya karatasi ile.

"Uliiamini?" akamwuliza.

"Kwa dakika kumi," akajibu. "Niliiamini kabisa."

Msichana aliyeuliza akakaa. Na Mama Chanzo akageukia ubao, akatafuta somo la kuwaandikia, na hakulipata.